Tusiwafunze Watoto Kuwakana Wazazi Wao

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa akifanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Eldoret, aliniletea rundo la insha za wanafunzi wa Gredi ya Sita. Anwani ilikuwa ile ile ambayo mimi nawe, msomaji, tuliandikia tulipokuwa na umri wao: "Familia Yetu". Alitaka nimtazamie jinsi alivyosahihisha. Nilipitia insha kumi na tano hivi pasipo kukutana na jambo la ajabu. Baba ni mkulima, mama ni mwuguzi, ndugu ni watatu, mbwa wetu anaitwa Simba. Insha ya kumi na sita ndiyo iliyonisimamisha. Mtoto ambaye katika aya ya kwanza alikuwa ameandika "kitabu yangu" na "nyumba mkubwa" aliandika katika aya ya pili, bila kosa hata moja la upatanisho, kwamba baba yake ni "mtu asiyewajibika aliyeitelekeza familia yake kwa tamaa zake mwenyewe".

Mwalimu wetu mwanagenzi alikuwa ameipigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hongera! Msamiati mzuri!"

Sikumlaumu. Ndivyo sisi wenyewe tulivyomfunza, kwamba mtoto akitumia neno kubwa mahali pake apewe alama. Lakini kazi yangu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano imekuwa kusikiliza jinsi watu wanavyosema, na sentensi ile haikuwa ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa ya mtu mzima aliyeumizwa. Mtoto aliibeba kama anavyobeba kikapu alichotumwa nacho, asijue kilicho ndani wala uzito wake atakapokuwa mkubwa.

Nazungumzia jambo ambalo walimu wengi wanalikuta darasani pasipo kulipa jina: mtoto wa wazazi waliotengana kufunzwa, polepole na mara nyingi bila kukusudia, kumchukia na kumkana mmoja wao. Kiswahili hakina istilahi moja iliyokubaliwa kwa jambo hili. Mimi nalitumia neno "kufarakanisha", kwa sababu wazazi hufarakana wenyewe kwa wenyewe, ilhali mtoto hufarakanishwa. Kuna mtu anayemtendea. Tofauti hiyo ya viambishi si ya mzaha. Tazama pia neno "talaka". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kufungua, kuachilia. Mume na mke hufunguliana kifungo walichofunga. Hakuna mahali popote, katika sheria ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila wala ya serikali, ambapo mwana hupewa talaka na babaye au mamaye. Hata hivyo tunaiandika talaka hiyo kila siku jikoni, na wino wake ni maneno madogo sana.

Nayaita madogo kwa maana ya kisarufi. Katika nyumba ambayo wazazi wanapatana, mama humwambia mtoto: "Nenda ukamwite baba." Hakuna kimilikishi. Neno "baba" limekuwa kama jina la mtu, na ni la wote nyumbani. Siku wanapokosana husikika "babako": mambo ya babako, tabia za babako. Mama amejitoa, mtu huyo sasa ni wa mtoto peke yake. Kisha kinakuja kionyeshi: "huyo babako". Baadaye kionyeshi cha mbali zaidi: "yule babako". Mwishowe neno "baba" lenyewe hudondoka, kikabaki kionyeshi na nomino ya ujumla: "yule mtu". Hatua nne au tano, na kila moja ni fupi kiasi kwamba anayeipiga hadhani ameondoka mahali alipokuwa. Wanaume nao wana ngazi yao, tena ni fupi kuliko hiyo: hutoka kwa "mama" wakatua moja kwa moja kwa "mwanamke yule". Nimeyasikia haya katika matatu, katika harusi na katika vyumba vya walimu. Mtoto hujifunza sarufi kwa kusikia, wala hahitaji kuelezwa kwamba baba amehamishwa kutoka karibu hadi mbali, amekwisha kuelewa.

Kuna utafiti mmoja ambao huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Michelle Leichtman na Stephen Ceci, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa umri wa miaka mitatu hadi sita. Baadhi ya watoto hao walisimuliwa kwa majuma kadhaa visa vya mtu aitwaye Sam Stone, mtu mwema lakini mzembe, anayevunja na kuharibu kila anachoshika. Kisha Sam Stone mwenyewe akaja shuleni. Akaamkia, akakaa kama dakika mbili, akaenda zake bila kugusa kitu. Katika majuma yaliyofuata watoto waliulizwa maswali yaliyodokeza kwamba ameharibu kitabu na mwanasesere. Wengi wa wale wadogo waliokuwa wamelishwa visa na kudokezewa walisema kweli Sam Stone ndiye aliyeharibu, na wengine wakaongeza mambo ambayo hakuna aliyewaambia. Watoto ambao hawakusimuliwa lolote, na wakaulizwa maswali ya wazi, walikosea kwa nadra sana. Watoto wale hawakuwa waongo. Walikuwa wamekwisha kupewa Sam Stone wao kabla hajaingia mlangoni. Basi fikiria, msomaji, mtoto anayesimuliwa habari za babaye kila jioni kwa miaka mitatu, na baba mwenyewe huja Jumamosi moja katika mwezi.

Hapa Kenya sheria nayo iliwahi kushiriki katika kumfuta mzazi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliuweka wajibu wa malezi kwa mama kwanza, endapo wazazi hawakuwa wameoana mtoto alipozaliwa. Baba aliupata kwa masharti. Kesi ya kukipinga kifungu hicho ilishindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2006. Vilevile, chini ya sheria ya usajili wa vizazi na vifo, jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa halikuingizwa katika cheti cha kuzaliwa ila kwa ombi la wazazi wote wawili au kwa ushahidi kwamba walioana. Mahali pa jina la baba paliandikwa herufi X mfululizo. Walimu wa miaka hiyo wanavikumbuka vyeti hivyo. Vililetwa shuleni wakati wa kusajili watahiniwa, na mtoto alisimama mbele ya meza akiitazama karatasi ya serikali isemayo kwamba babaye ni X. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Mei 2016.

Katiba hiyo, ya mwaka 2010, inasema katika Ibara ya 53 kwamba kila mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 imefuata njia hiyo. Na kabla ya hayo yote Kenya ilikuwa imeridhia, mwaka 1990, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kifungu chake cha 9 kinampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuwa na uhusiano na mawasiliano ya mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa pale ambapo jambo hilo lingemdhuru. Zingatia kwamba haki hiyo ni ya mtoto. Baba anayesema "nataka haki yangu ya kumwona mtoto" na mama anayesema "hana haki ya kumwona kwa sababu hatoi karo" wote wanazungumza kana kwamba mtoto ni shamba lililo kortini. Karo ni deni, na lidaiwe kama deni. Kumwona baba si risiti ya karo.

Wakazi wa Eldoret tuna sababu yetu wenyewe ya kulifahamu jambo hili. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, lililo kilomita chache tu kutoka mjini, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu waliishi katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mengi yameandikwa kuhusu waliokufa na mashamba yaliyopotea. Machache yameandikwa kuhusu ndoa za makabila mawili, zilizokuwa nyingi katika Uasin Gishu, zilizopasuka katika majuma yale. Mke alirudi kwao na watoto wengine, mume akabaki na wengine, au watoto wote walikwenda upande mmoja na upande wa pili ukawa haupaswi kutajwa.

Mimi naliona jambo hilo kwa jicho la lugha. Mtoto aliyekuwa akisema Kikalenjin na nyanya yake mzaa baba na Gikuyu na nyanya yake mzaa mama alinyamazishwa lugha moja. Wakati mwingine alibadilishiwa hata jina. Hili la jina lina uchungu wake, kwa kuwa desturi ya Wakikuyu humpa mwana wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, hivi kwamba orodha ya ndugu peke yake ni mkataba wa koo mbili. Vijana hao sasa wamefika vyuo vikuu. Nimewafundisha baadhi yao. Kuna mmoja aliyeniambia ofisini kwamba anaielewa lugha ya babaye akiisikia sokoni, lakini akijaribu kuisema koo hukauka. Nilimwuliza ni nani aliyemkataza. Akasema hakuna aliyemkataza. Nyumbani watu walinyamaza tu alipoisema.

Hata hivyo ni lazima niweke tahadhari hapa, tena ndefu, kwa sababu mjadala huu una watu wanaoutumia vibaya. Mwaka 1985 daktari mmoja wa akili wa Marekani, Richard Gardner, alilitolea jambo hili jina la ugonjwa. Alidai kwamba mtoto anayemkataa mzazi mmoja bila sababu ya kutosha ana maradhi yanayotokana na sumu anayolishwa na mzazi wa pili. Dhana hiyo ilienea katika mahakama za nchi nyingi. Brazil iliitungia sheria mwaka 2010. Lakini wataalamu wa maradhi ya akili wa Marekani hawakuiingiza katika mwongozo wao wa mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani liliuondoa msamiati huo katika orodha yake ya maradhi mwaka 2020. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu kwamba dhana hiyo imekuwa silaha ya wanaume wanaopiga. Mama akisema mahakamani kwamba mume alimpiga au alimnajisi mtoto, jibu huwa tayari: mama huyu anamfarakanisha mtoto na babaye. Na mtoto hurudishwa kwa aliyemtendea uovu.

Nakubaliana na hoja hiyo. Mtoto anayemwogopa babaye kwa sababu alimwona akimpiga mamaye hajafunzwa na mtu. Amefunzwa na macho yake. Wapo baba wasiofaa kukaribiwa, na mama wasiofaa pia, na mtoto hana deni la kuwapenda. Ndiyo maana silitaki jina la ugonjwa. Ninachokisema ni kidogo kuliko alichokisema Gardner. Nasema kwamba yapo maneno ambayo mtu mzima humtilia mtoto kinywani, na kwamba mwalimu aliye makini aweza kuyasikia. Aliyeona husimulia: usiku ule mvua ilikuwa ikinyesha, sufuria ikaanguka, nikajificha chini ya meza. Aliyefunzwa huhukumu: hawajibiki, ni mbinafsi, alitutelekeza. Kipimo hiki si cha kutegemewa peke yake, nami ningesikitika kama kuna mwalimu atakayekichukua na kujifanya hakimu. Wapo watoto walioona mengi ambao husema machache na kwa maneno ya kuazima. Mwalimu anaposhuku kwamba mtoto ameumizwa, kazi yake ni kumfikisha kwa afisa wa watoto, au kupiga nambari 116 ambayo haina malipo, bila kwanza kuchambua sarufi.

Sasa nije kwa sisi tulioingia katika nyumba za watu. Natumia "sisi" kwa makusudi. Mimi ni baba wa kambo. Mke wangu alikuja na binti, ambaye babaye mzazi anaishi Kitale. Mimi nami nina mwana anayekaa Nakuru na mamaye, mke wangu wa kwanza. Kwa hiyo nimeketi pande zote mbili za meza hii.

Miaka michache iliyopita nilimpigia mwanangu simu Jumapili moja, kama ilivyokuwa ada, naye akaitikia: "Hujambo, Daktari." Alikuwa na miaka tisa. Wanafunzi wangu huniita hivyo, na wenye duka la mtaani huniita hivyo, wala sijawahi kulichukia jina hilo hadi siku ile. Sina ushahidi kwamba alifundishwa. Yumkini alilisikia tu likitajwa mezani, kwa sauti fulani, akalichukua kama watoto wanavyochukua kila kitu. Kwa majuma mawili nilitembea nikiwa na hasira na mtu ambaye hata sikuwa na hakika kwamba amenikosea.

Katika majuma yayo hayo binti alikuwa akijiandaa kwenda Kitale kwa likizo. Nilikuwa sebuleni nikisahihisha karatasi, nikamwita mamaye kwa sauti: "Yule wa Kitale amepiga? Anakuja saa ngapi?" Binti alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Hakusema kitu. Nami mwalimu wa isimu, mwenye shahada ya uzamifu na makala juu ya vionyeshi vya Kiswahili, ndiye niliyetumia kionyeshi hicho. Tangu alipofika kwangu sikuwa nimewahi kumwita mtu yule "baba" mbele ya mwanawe. Ilinichukua siku kadhaa kuweza kutamka maneno mepesi kama "baba amepiga simu", na hata leo nikiyasema huyasikia masikioni kama ya mgeni.

Kosa hili la walezi wa kambo tumelirithi kwa sehemu kutoka darasani. Kwa miongo ya mtihani wa KCPE, hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mama wa kambo alikuwa mhusika wa akiba wa kila mtahiniwa aliyekosa kisa. Alinyima chakula, alipiga, alimtuma mtoto kisimani usiku, na insha iliisha kwa kifo au kwa msamaria. Ngano zetu zina mama wa kambo wa aina hiyo, na sisemi ziachwe. Lakini tuliwazawadia watoto alama kwa kumchora mtu mmoja yule yule, na darasani humo mlikuwa na watoto waliopikiwa chai asubuhi hiyo na mama wa kambo. Hao nao waliandika hivyo hivyo. Waliandika nini jioni walipofika nyumbani, hatukuuliza.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa familia pana. Mtoto wa Kiswahili ana baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, na hakuna aliyepata kusema kwamba baba mdogo amemwondoa baba. Vivumishi hivyo vinaongeza. Ni "yule" peke yake kinachopunguza.

Walimu mtaniwia radhi nikiwaomba mambo mawili matatu. Mkitoa insha ya familia, msiseme "baba na mama yako wanafanya kazi gani"; semeni "waandike watu wanaokulea". Fomu ya shule iwe na nafasi ya mzazi asiyeishi na mtoto, na ripoti ya muhula impate naye, ila mahakama ikiwa imekataza. Siku ya wazazi, baba wa Kitale akifika na baba wa Eldoret akafika, wapeni wote viti, wala msimwulize mtoto mbele ya wenzake yupi ndiye wa kweli. Na chumba cha walimu kiache kuzijadili ndoa za watu. Watoto wanaopeleka madaftari humo wana masikio.

Yule mwanagenzi wangu nilimshauri asimhoji mtoto wa insha ile, wala asimfanye atambue kwamba ameonekana. Alimweleza mwalimu wa darasa, na mwalimu wa darasa akaahidi kumwangalia. Juma lililofuata alilipa darasa zima anwani nyingine, "Siku Nisiyoisahau". Mtoto yule aliandika ukurasa mmoja na nusu juu ya kujifunza baiskeli. Babaye alimshikia tandiko kwa nyuma, wakashuka mteremko, kisha akageuka akaona baba yuko mbali juu, amekwisha kumwachilia zamani, na "baiskeli alikuwa inaenda peke yangu".

Aliniuliza ampe alama ngapi. Nikamwuliza kwanza kama mtoto alisema baba huyo humwona lini. Akasema hakusema.